Sinn Féin viti 7 vilevile, wamekuwaje wa kwanza?

SWALI: Mhariri shikamoo. Mdogo wangu yuko Belfast anafanya kazi ya kutunza wazee, juzi kanitumia ramani ya matokeo ya uchaguzi wa bunge la Uingereza wa 2024, upande wa Ireland Kaskazini. Kule magharibi na kusini kwote kijani, eti ni Sinn Féin, wale wanaotaka Ireland yote iwe nchi moja, na sasa ndo chama kikubwa. Mi najiuliza, ina maana Wakatoliki wamewashinda Waprotestanti na nchi inaondoka kwa Uingereza? Alafu anasema wabunge wake hawaendi bungeni, hapo ndo kanivuruga kabisa.
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Ramani hiyo imewavuruga wengi usijione uko peke yako, mana ramani inapaka rangi ardhi na ardhi haipigi kura. Mashamba ya Fermanagh na Tyrone ni makubwa watu wachache, jimbo la Belfast unalimaliza kwa miguu asubuhi moja, na kila moja linatoa mbunge mmoja tu.

Sasa sikiliza hii. Ireland Kaskazini ina viti 18 kwenye bunge la London. Sinn Féin ilipata 7 mwaka 2017, ikapata 7 mwaka 2019, na 2024 ikapata 7. Haijaongeza hata kimoja! Kilichotokea ni kwamba DUP, chama kikubwa cha wale wanaotaka kubaki na Uingereza (tuwaite watu wa muungano, sisi neno hilo tunalielewa vizuri) kilikuwa na 10, kikashuka 8, kikashuka 5. Ni kama wawili wanapanda ngazi, mmoja kasimama palepale mwenzie akateremka, ukitazama unadhani yule wa kwanza kapanda.

Na viti 3 walivyopoteza DUP 2024 vilikwenda wapi? Viwili vilichukuliwa na watu wa muungano wenzao. South Antrim kaichukua Robin Swann wa UUP. North Antrim ndo iliyoshtua watu, mana ile familia ya Paisley walikaa nayo tangu 1970, baba kisha mtoto, akaja Jim Allister wa TUV ambaye anawaona DUP wamelegea kwenye mambo ya Brexit (Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya), akamtoa mtoto kwa kura 450. Cha tatu, Lagan Valley, kilikwenda kwa Alliance, chama kisichotaka kuwekwa upande wowote. Kwahiyo ukihesabu kwa kambi na sio kwa chama, watu wa muungano 8 (DUP 5, UUP 1, TUV 1, na Alex Easton asiye na chama aliyewanyang'anya Alliance jimbo la North Down), wanaotaka Ireland moja 9 (Sinn Féin 7 na SDLP 2), Alliance 1. Nenda kaangalie 2019: 8, 9, 1. Hesabu ileile! Ugomvi mkubwa wa 2024 ulikuwa ndani ya nyumba moja, wala sio kati ya nyumba mbili.

Kura zao za ubunge zinakwenda kwa mwenye nyingi kachukua, hata awe na theluthi tu, kwahiyo kambi ikisimamisha watu wawili watatu inajikata yenyewe. East Londonderry mzee Gregory Campbell wa DUP kapona kwa kura 179 mbele ya Sinn Féin, na TUV nao walikuwa na mtu wao pale pale. Upande wa pili wanajua kupanga, South Belfast Sinn Féin hawakusimamisha mtu, wakamwachia wa SDLP. Na usidharau kura moja moja kule, 2010 jimbo la Fermanagh na South Tyrone lilikwenda Sinn Féin kwa kura 4. Nne!

Kuhusu dini, ni kweli mkatoliki wengi wako kijani na mprotestanti wengi wako kule kwingine, kuna majimbo mshindi unamjua kabla sanduku halijafunguliwa, kama Pemba 1995 CUF ilipozoa viti vyote 21 vya Baraza la Wawakilishi. Ila sio wote, hao Alliance walipata kama asilimia 15 ya kura 2024 na kura zao zinatoka pande zote mbili.

Kutokwenda bungeni ni kweli. Mbunge lazima aape utii kwa mfalme, Sinn Féin wanasema hatuapi, basi hawakai na mshahara wa ubunge hawachukui, ingawa ofisi wanafungua na wanahudumia wananchi. Utasema kura ya bure, lakini muulize Theresa May, waziri mkuu wa Uingereza wa wakati ule. 2017 alibaki na wabunge 317 kati ya 650, akawategemea wale 10 wa DUP, na Ireland Kaskazini ikatengewa pauni bilioni moja za ziada. Saba wa Sinn Féin wangeingia mle ndani hesabu yake ingekuwa ngumu zaidi.

Na kuondoka Uingereza hakuamuliwi na viti. Mkataba wa amani wa 1998 unasema kura ya maoni inaitishwa pale waziri wa London atakapoona kuna dalili wengi wataipitisha. Sinn Féin 2024 ilipata asilimia 27 ya kura. Mwambie mdogo wako asifunge mizigo.

SWALI: Mi Mkenya niko Belfast, naruhusiwa kupiga kura ya ubunge au ni ya wenyewe tu?
Msomaji, Belfast

JIBU: Unaruhusiwa kama unaishi huko kihalali na umejiandikisha, mana Kenya iko Jumuiya ya Madola. Watanzania, Waganda na Wanyarwanda pia, ila jirani zetu wa Burundi na Kongo hawamo. Kituoni hupigi bila kitambulisho chenye picha, na kama huna, ofisi ya uchaguzi ya huko inatoa kadi bure, kaombe mapema usisubiri wiki ya mwisho.