Keti mkekani, sungura aje mwenyewe

Mwezi wa kwanza wa kukaa na Pamba, sungura wangu, nilimkosea sana. Kila jioni nilimtoa kwenye boksi lake, nikampakata na kumbembeleza, nikiamini kwamba akizoea kubebwa atanizoea na mimi. Alikuwa anatulia tuli mapajani, macho yamemtoka, nami nikadhani ameridhika. Kumbe ni woga. Sungura akiona hana pa kukimbilia huganda hivyo hivyo.

Tunaishi Ngamiani, hapa Tanga. Uani tuko familia nne, bodaboda zinapita hadi usiku na kunguru hawatoki paani. Sungura ni mnyama wa kuwindwa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote na juu pia, isipokuwa mbele kabisa ya pua yake. Mkono ukishuka kutoka juu, kwake ni mwewe huyo.

Basi nikaacha kumshika. Nikatandika mkeka, nikafungua kizimba, nikaketi nachambua mchele bila kumtazama. Nilichagua alfajiri na magharibi, saa ambazo sungura huchangamka. Mchana wa joto nilimwacha apumzike. Siku ya kwanza hakutoka. Ya nne akachungulia. Wiki ya pili akaninusa kidole cha mguu, nami sikutikisika. Nikaanza kuweka kotimiri karibu yangu, kisha kiganjani. Majani ya matembele nayo anayapenda. Kisamvu kibichi usimpe kabisa, kina sumu.

Boksi la kujifichia nililitoboa milango miwili, asijione amezibiwa njia. Akishaingia humo, hatolewi na mtu. Sheria hiyo ilikuwa ngumu kwa mpwa wangu wa miaka saba.

“Shangazi, nimkamate?”

“Usimkamate, mwanangu. Keti, mshikie jani.”

Akikubali kuguswa, anza na paji la uso na mashavu. Kidevu, tumbo na miguu viache. Akisaga meno taratibu, amefurahi. Akiyasaga kwa nguvu huku amejikunyata, anaumwa. Na sungura aliyeacha kula na kutoa kinyesi kwa nusu siku, usiseme ni woga: mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Ikibidi umbebe, mkono mmoja chini ya kifua, wa pili ushike makalio, umbane kifuani mwako. Masikio si mpini, jamani. Akirusha miguu akiwa ananing'inia anaweza kuvunjika mgongo.

Juzi baada ya magharibi mpwa wangu alijilaza mkekani na daftari lake la hesabu. Pamba akatoka, akalizunguka lile daftari, akajitupa ubavu kando ya kiwiko cha mtoto na kunyoosha miguu. Mtoto akanitazama kwa macho tu. Hata ukurasa hakuufunua.