Nina uzamili wa masoko, nimeitwa kwenye gari la sabuni: niende?

SWALI

Shikamoo mama. Nina miaka 29, naishi Nyegezi, Mwanza. Novemba iliyopita nilimaliza shahada ya uzamili ya biashara, MBA, mchepuo wa masoko. Kabla ya hapo nilikaa dirishani miaka mitatu, keshia wa benki. Mkataba ulipoisha nikaamua nisome. Ada ilitokana na kiwanja alichotuachia marehemu baba. Mama na ndugu zangu walikubali kiuzwe.

Tangu nimalize nimetuma maombi zaidi ya 60 na nimeitwa usaili mara nne. Sasa kuna msambazaji wa sabuni na mafuta ya kula anataka nikawe msimamizi wa mauzo Shinyanga na Kahama: gari moja, dereva, wauzaji watano, mshahara mdogo kuliko niliokuwa napata benki, na kamisheni juu yake. Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Rafiki zangu wanasema kuzunguka na gari la sabuni ni kazi ya waliomaliza kidato cha nne. Mama naye kila jioni ananiuliza ofisi yangu iko wapi. Naomba unielekeze: mwenye shahada kama yangu anafaa kazi zipi? Na nikikubali hii, nitakuwa nimejishusha?

Msomaji, Nyegezi

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye kile kiwanja. Familia iliyouza ardhi ili mtoto asome inastahili jibu la moja kwa moja, nami nakupa: nenda Kahama. Ila usisaini kabla hujauliza maswali nitakayokupa hapa chini, kwa kuwa kazi hiyohiyo inaweza kukujenga, na inaweza kukuacha unalipa madeni ya watu.

Nikueleze kwanza kwa nini uende.

Nilipomaliza uzamili wangu nilipata ile ofisi anayoiulizia mama yako. Kiyoyozi, kiti cha kuzunguka, na kadi iliyoandikwa meneja wa chapa, sabuni za kufulia. Tulikuwa na sabuni ya mche nzuri kweli, ina povu na haiishi haraka. Tukalipia matangazo redioni miezi mitatu. Mauzo hayakutikisika. Nikaandaa wasilisho la kurasa 34 kuwaonyesha wakubwa kwamba bei yetu iko juu. Dereva wa gari la usambazaji, mzee aliyezeekea barabarani, akaniambia, “Mama, hebu njoo ukae dukani siku moja.”

Nikaenda naye Mbagala. Nikakalia kreti ya soda nyuma ya kaunta kuanzia saa tisa alasiri hadi saa mbili usiku. Mwenye duka akachukua mche wetu, akaulaza juu ya gazeti, akaukata kwa kisu vipande vinane. Akavitia kwenye beseni pamoja na vipande vya kampuni nyingine mbili. Jina letu kiwandani lilikuwa linagongwa mara moja tu, kwenye ncha ya mche. Kwa hiyo katika vile vipande vinane, kimoja ndicho kilichokuwa na jina. Saba vilikuwa sabuni tu, hazina baba wala mama. Jioni akaja binti ametumwa, akasema, “Naomba ile sabuni ya redioni.” Muuzaji akapeleka mkono kwenye beseni, akampa kipande kilichokuwa juu. Hakikuwa chetu.

Miezi mitatu ya matangazo tulikuwa tunawauzia wenzetu sabuni zao. Nilirudi ofisini nikaomba kiwanda kibadilishe kalibu ili jina lijirudie urefu wote wa mche, kisu kipite popote na kila kipande kitoke na jina. Ilichukua miezi mitano, maana kalibu mpya ni fedha na mafundi hawapendi kuambiwa kitu na mtu wa ofisini. Robo iliyofuata mauzo ya Dar es Salaam yalipanda, na redioni tulikuwa tumeshanyamaza.

Darasani tulifundishwa bidhaa, bei, mahali na matangazo, na yote ni kweli. Lakini kwetu vitu vingi hufunguliwa, hukatwa au hupimwa kabla havijamfikia mnunuzi: mafuta ya kula kwenye dumu, sukari ya robo, sigara moja moja. Anayeamua mteja apate kipi ni yule aliyesimama nyuma ya kaunta. Ukikaa naye miaka miwili huko Kahama utakuwa na jambo la kusema kwenye usaili wowote. Nimewahi kukaa upande wa kuuliza maswali, na wengi wanaokuja na uzamili hueleza vizuri nadharia ya kugawa soko. Ukiwauliza katoni moja ya sabuni inamwachia mwenye duka shilingi ngapi, wananyamaza. Anayejibu hilo bila kufikiri huwa nampigia mstari.

Sasa maswali. La kwanza, na naomba ulisimamie kwa miguu yote miwili: nani anabeba mali kauli, yaani mzigo unaotolewa kwa mkopo wa neno tu? Wewe umetoka benki, umezoea mkopo wenye fomu na dhamana. Huku nje mwenye duka anachukua mzigo kwa neno lake, atalipa akishauza, na daftari analo msimamizi wa mauzo, ambaye ndiye wewe. Kabla sijarudi shule nilikuwa muuzaji wa kampuni moja ya vyakula vya makopo. Mteja wangu wa jumla alifunga duka usiku, akahama mji na mzigo wa zaidi ya milioni mbili. Nilikatwa mshahara miezi tisa, bila kuitwa hata kujieleza. Sikuwa najua haki yangu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi apewe nafasi ya kujieleza kabla ya kukatwa fedha za hasara, makato yasizidi hasara yenyewe, na yasivuke robo ya ujira wake wa fedha. Kwa hiyo mwombe mwajiri aandike: kiwango cha juu cha mali kauli kwa kila duka, nani anaidhinisha, na kwamba deni lililoidhinishwa na ofisi halitakuwa lako. Akikuambia “hayo tutaelewana,” usiende.

La pili, lengo la mauzo limegawanywaje kwa miezi? Unakwenda kwenye ukanda wa pamba. Msimu wa ununuzi huanza kwa kawaida mwezi wa tano, na mkulima akishalipwa fedha zake ndipo duka la kijijini linapochangamka. Wakikupa lengo moja la Januari hadi Desemba lililokatwa sawasawa, miezi ya masika utakuwa unashindwa kila mwezi na kamisheni huioni, hata ukijituma namna gani. Waombe mauzo ya mwaka jana, mwezi kwa mwezi, duka kwa duka. Mwenye biashara iliyo wazi atakufungulia. Na ukishayapata, hapo ndipo MBA yako inaanza kufanya kazi: kaa nayo usiku mmoja, tafuta ni maduka gani yaliacha kununua na lini.

Uliza pia kamisheni inahesabiwa mzigo unapotoka au fedha zinapoingia, nani analipa mafuta na matengenezo ya gari, na kama michango ya NSSF inapelekwa. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe hupaswi kukatwa zaidi ya asilimia 10. Mkataba uwe wa maandishi. Mshahara kuwa mdogo kuliko wa benki hilo nalielewa, lakini pale benki hukuwa na namba ya kwako. Ulikuwa unahesabu fedha za wengine, jioni unafunga sanduku. Huku utakuwa na mauzo yanayoitwa yako.

Umeuliza kazi zipi nyingine. Kwa historia yako, njia iliyo karibu zaidi ni kurudi kwenye fedha kwa mlango wa pili. Tangu M-Pesa ianze hapa nchini mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, kampuni za simu na mabenki zimekuwa zikitafuta watu wa kubuni huduma na kusimamia mitandao ya mawakala. Wakala wa fedha na mwenye duka la sabuni mara nyingi ni mtu mmoja, kwenye kibanda kimoja. Wewe umeona upande wa dirisha la benki. Ukiongeza miaka miwili ya kumjua huyo wakala, kumjua anavyokosa floti, ile fedha ya kuhudumia wateja, Jumatatu na anavyofunga mapema siku ya gulio, utakwenda kuomba ukuzaji wa huduma ukiwa na kitu ambacho wenzako wa ofisini hawana. Ningekuwa mimi, hiyo ndiyo ningeiweka machoni.

Serikalini kuna cheo cha Afisa Masoko, kwenye halmashauri, bodi za mazao na mashirika ya umma. Matangazo yanatoka Sekretarieti ya Ajira, kwenye Ajira Portal. Jisajili leo, pakia vyeti vilivyohakikiwa, na kila ukiona nafasi omba. Nafasi nyingi za kuanzia hutaka shahada ya kwanza, kwa hiyo usitarajie uzamili ukurushe daraja siku ya kwanza. Ni foleni ndefu. Isimamie ukiwa kazini, usiisimamie nyumbani.

Ualimu wa chuo: angalia GPA yako, yaani wastani wa alama zako, kabla hujaota. Tangazo la mhadhiri msaidizi kwa kawaida hutaka 3.5 kwa shahada ya kwanza na 4.0 kwa uzamili, na vyuo vingine vinataka zaidi. Kama unazo, omba. Na hata huko, mwalimu wa masoko aliyewahi kukata sabuni anafundisha vizuri zaidi. Hilo nalisema kwa moyo wote.

Utafiti wa soko una kazi za msimu, unalipwa kwa mradi, na unafaa kama unapenda kuuliza watu maswali na kuandika ripoti. Matangazo ya mitandaoni yanakua, ila huko hawatakuuliza cheti, watakuuliza umeendesha kurasa zipi na fedha za matangazo ulizotumia zilileta wateja wangapi. Ukianza kukusanya namba za simu za wateja kwa ajili ya ujumbe wa matangazo, kumbuka kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Usikubali bosi akuletee orodha ya namba asiyoweza kueleza ameipata wapi.

Biashara yako mwenyewe hukuitaja, nami siilazimishi. Fedha ya kiwanja imeshatumika, na kuanza sasa hivi ungeanza na mkopo.

Sasa mama yako. Hapo ndipo nahisi uzito wote ulipo. Yeye aliuza kiwanja akiwa na picha ya mtoto kwenye meza. Usimjibu kwa simu na usimpe hadithi za fursa. Kabla hujaondoka, kaa naye, mwonyeshe mkataba, msomee cheo na eneo. Kisha pamba ikishauzwa, mchukue, mpandishe basi la Kahama, umtembeze kwenye maduka mawili matatu. Wenye maduka wamsalimie: “Huyu ndiye mama yake bosi wetu?” Mama yangu mimi ofisi yangu ya kiyoyozi hakuwahi kuielewa. Alielewa siku tuliyoingia duka la jirani yake pale Morogoro, akanunua kipande cha sabuni, akakigeuza, akaona jina, akauliza, “Hili ndilo uliloliweka wewe?” Nikamwambia ndiyo, mama. Alikitia kwenye kikapu, na nyumbani alikaa nacho wiki nzima bila kukifulia.

Niandikie wakishakujibu lile swali la mali kauli, hata kama jibu lao ni hapana.

SWALI FUPI

Habari dada. Mimi ni katibu muhtasi Tanga, nina shahada ya kwanza na watoto wawili. Nataka nikope nisome MBA ya masoko kama mlango wa kuhamia idara ya mauzo hapahapa ofisini. Nifanye hivyo?

Msomaji, Ngamiani

JIBU

Nzuri mdogo wangu. Usikope kwanza. Mfuate mkuu wa mauzo, mwombe akupe kazi moja ya pembeni kwa miezi mitatu: kupiga simu kwa wateja walioacha kununua, kuuliza kwa nini, na kumwandikia ripoti kila Ijumaa. Wewe ndiye uliyepokea simu zao miaka yote, sauti zao unazijua. Akikataa kabisa, umejua kwamba mlango uliofungwa pale ni yeye, na cheti hakitaufungua. Akikubali na kazi ukaipenda, muulize kama ofisi inaweza kuchangia ada ya masomo ya jioni, na hilo uliombe kwa barua, ukiambatanisha zile ripoti.