Ukiambiwa “Nisindikize” Hosteli, Nenda

Wadogo zangu mnaofunga mizigo kwenda kuanza mwaka wa kwanza chuo kikuu, najua mmeshaambiwa mengi kuhusu ada, usajili na mkopo. Mimi nataka kuzungumzia jambo ambalo lilinichukua karibu muhula mzima kulielewa, nalo ni namna ya kupata marafiki katika jengo lililojaa watu ambao humjui hata mmoja wao. Nilisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, nikitokea Njombe, na miaka yote mitatu nilikaa hosteli.

Msidhani kwamba wingi wa watu utawapatieni rafiki. Hosteli za Magufuli peke yake, zilizofunguliwa mwaka 2017, ni majengo 20 yenye nafasi ya wanafunzi 3,840, na bado mtu anaweza kukaa humo mwaka mzima akala peke yake. Wiki zangu za kwanza niliishi kama msafiri wa gesti. Nilikwenda kwenye vipindi, nikala na wasichana wawili niliosoma nao kidato cha sita, kisha nikarudi chumbani, nikaziba masikio kwa muziki wa simu na kugeukia ukutani. Nilikuwa na haya, na lafudhi yangu ya nyumbani ilinifanya niogope kufungua mdomo. Lakini wenzako wa chumbani hawaioni haya iliyo moyoni, wanauona mgongo. Msichana aliyelala kitanda cha juu yangu, mwenyeji wa Wete, Pemba, alikuja kuniambia baadaye kwamba alidhani nimechukizwa kupangiwa chumba na Mwislamu. Maneno hayo yaliniuma sana, kwa kuwa nilikuwa nimemtia mwenzangu unyonge bila kumtamkia neno lolote baya.

Kilichotufungua ni samaki. Jumamosi moja, alfajiri, aliniona niko macho akasema, “Nisindikize Feri, shangazi yangu ana shughuli Temeke, ananiagiza nguru.” Nilikuwa na nguo za kufua na kazi ya takwimu ya kukabidhi Jumatatu, na jibu la kukataa lilikuwa tayari mdomoni. Sijui kwa nini nilivaa kandambili nikamfuata. Tulipanda basi la mwendokasi Ubungo hadi Kivukoni, lilipo soko la samaki la Feri, na mimi, niliyekulia kwenye baridi na mashamba ya viazi, nikaiona bahari kwa mara ya kwanza ikiwa bado ya kijivu, ngalawa zimejipanga na watu wakishuka na matenga kichwani. Mwenzangu alinifundisha kufunua shavu la samaki kwa kidole na kutazama wekundu wake kabla ya kuuliza bei. Dalali alipopandisha bei, alinifinya mkono ili nisioneshe kwamba tumempenda yule nguru. Tuliporudi tulikuwa tukicheka kama watu waliokua nyumba moja.

Tangu siku hiyo nilijiwekea utaratibu ambao ninawapa na ninyi: mtu wa hosteli akikuomba umsindikize mahali, nenda, iwe ni kutoa nakala, kununua mkaa wa pasi au kumpeleka mgonjwa zahanati. Urafiki wa hosteli hauanzi kwa mazungumzo makubwa. Huanzia njiani na kwenye karo la kufulia, mahali ambapo mikono ina kazi na mdomo uko huru. Mwenzetu wa tatu chumbani, aliyesoma sheria, alinivuta jioni moja hadi Ukumbi wa Nkrumah, ule uliochorwa nyuma ya noti ya zamani ya shilingi 500, kusikiliza mhadhara wa Kigoda cha Mwalimu, kigoda cha taaluma chenye jina la Mwalimu Nyerere. Mimi mwanafunzi wa takwimu sikuona unanihusu nini. Baadaye tulikaa kwenye vimbweta, yale meza na viti vya zege vya nje, mpaka usiku mkubwa, watu wa fani tano tofauti tukibishana kuhusu ardhi na wakulima, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wakubwa zetu hawaachi kusimulia enzi ambazo Walter Rodney, yule mwanahistoria kutoka Guyana, alifundisha chuoni hapo. Huwezi kuvipata hivi kwa kukaa na watu wa kozi yako tu, au wa kabila lako, au wa shule uliyotoka.

Kuna jambo moja la kuzungumza mapema, kabla ya kinyongo: usingizi. Mwenzangu wa Wete aliamka kwa sala ya alfajiri, mimi nilisoma hadi saa saba za usiku, na kwa wiki kadhaa kila mmoja aliuchukia mwanga wa mwenziwe kimyakimya. Tulipokaa na kusemezana, ilichukua dakika kumi: mimi nikahamishia msuli wangu wa usiku, yaani kujisomea, kwenye kimbweta, yeye akanunua taa ndogo ya kubana kitandani. Kuhusu fedha, bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo, likiingia, kopesha kile tu ambacho kisiporudi hutalala njaa. Na mnapotoka usiku, mwambieni mtu mmoja mnakokwenda.

Mwaka wa pili mwenzangu wa Wete alinialika kwao kwa Iddi. Tulivuka kwa boti hadi Mkoani, kisha tukapanda gari hadi Wete, na mimi nikiwa nimebeba nusu gunia la viazi ambavyo baba alinitumia kwa basi kutoka Njombe. Mama yake alikifungua kiroba pale pale barazani, akakishika kiazi kimoja kikubwa, akakigeuzageuza, kisha akawaita majirani waje wakione. Jioni alivipikia mchuzi wa nazi pamoja na changu, na sahani ya kwanza aliyopakua alinipa mimi.