Maswali ya wasomaji: Kompyuta inapoandika unachotamka

Nimeambiwa nikibonyeza kitufe cha Windows pamoja na H, kompyuta itaandika ninachosema nipumzishe vidole. Kisanduku cha maiki kinatokea kweli, lakini nikisema "mkataba wa upangishaji" yanatoka maneno ya Kiingereza yasiyo na kichwa wala miguu. Kompyuta ni mbovu?
*Mchapaji wa steshenari, Kariakoo*

Nzima kabisa, ila inakusikiliza kwa Kiingereza. Windows na H hufuata lugha ya kibodi iliyochaguliwa pale chini kulia, karibu na saa. Ikiwa imewekwa Kiingereza, kila sauti inayoingia italazimishwa iwe neno la Kiingereza, hata ungetamka kwa ufasaha wa mtangazaji.

Kwa kazi za Kiswahili, achana na njia hiyo utumie Google Docs, programu ya kuandikia hati mtandaoni, ndani ya kivinjari cha Chrome. Google iliongeza Kiswahili kwenye utambuzi wake wa sauti Agosti 2017, na huduma ni bure kwa mwenye akaunti ya Gmail. Fungua hati mpya, kisha bonyeza Ctrl, Shift na S kwa pamoja (kwenye Mac, Command badala ya Ctrl). Kando ya ukurasa kitatokea kisanduku chenye alama ya maiki na jina la lugha juu yake. Bofya jina hilo, shuka kwenye orodha hadi Kiswahili, uchague cha Tanzania. Cha Kenya kiko hapohapo, usipitiwe. Ukibofya maiki ikawa nyekundu, anza kusema.

Mara ya kwanza Chrome itaomba ruhusa ya kutumia maiki. Kama kwa haraka ulikataa, bofya alama iliyo mwanzoni mwa anwani ya tovuti, rudisha ruhusa, kisha pakia ukurasa upya. Bado kimya? Ingia kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya faragha, uone kama programu zimezuiwa kutumia maiki.

Mambo mawili huwakera wengi siku ya kwanza. La kwanza ni alama za uandishi: amri za kutamka "nukta" au "aya mpya" zipo kwa lugha chache tu, na Kiswahili hakimo. Ukisema "nukta" utaandikiwa neno nukta. Weka mkono mmoja kwenye kibodi, piga nukta, mkato na Enter mwenyewe. Maiki haihitaji kuzimwa. La pili, ukihamia kichupo kingine kuangalia barua pepe, maiki hujizima, na unaweza kuzungumza peke yako aya nzima bila kujua. Kila unaporudi, tazama kwanza kama bado ni nyekundu.

Ukimaliza, Ctrl na A, Ctrl na C, halafu bandika kwenye Word upange kurasa kama kawaida.

Hedifoni za simu yangu zinasikika vizuri kwenye kompyuta ya mezani, lakini maiki yake haifanyi kazi. Nimejaribu matundu yote.
*Msomaji, Mbagala*

Hesabu mistari myeusi kwenye pini. Hedifoni ya simu ina mitatu, maana yake sehemu nne: sikio la kushoto, la kulia, waya wa ardhi na maiki. Kompyuta nyingi za mezani zina matundu mawili yaliyotengana, la kijani la kusikilizia na la waridi la maiki, na kila moja linategemea pini ya sehemu tatu. Nunua kigawanyio chenye tundu moja na mikia miwili, kijani kwa kijani, waridi kwa waridi. Laptopu yenye tundu moja tu mara nyingi haihitaji kifaa hicho.

Kama unanunua hedifoni mpya, chukua ya waya wa USB. Ya Bluetooth ni nzuri kwa muziki, lakini maiki yake inapowashwa ubora wa sauti hushuka hadi kiwango cha simu ya kupiga, na herufi kama s, f na th ndizo zinazoumia kwanza.

Ninaandika kumbukumbu za ukoo kwa kuitamkia kompyuta kwa sababu viganja vinauma. Maneno mengi yanatoka sawa, lakini kuna sentensi zinazogeuka maana kabisa. Nitamke vipi?
*Mwalimu mstaafu, Temeke*

Shikamoo mwalimu. Swali lako ndilo zito kuliko yote yaliyotufikia.

Mashine haisikii neno mojamoja. Hupima sauti, kisha huchagua mfululizo wa maneno unaoelekea zaidi kuwa sahihi. Kwa hiyo ukitamka silabi kwa silabi kama unayewasomea watoto imla, unainyima msaada wa maneno jirani. Sema sentensi nzima, kwa mwendo wa msomaji wa taarifa ya habari, halafu pumua.

Kinacholeta balaa ni jozi za maneno yanayokaribiana, hasa kwa lafudhi zetu za Dar ambako kila mtu amekuja na ulimi wa kwao. Anayechanganya r na l ataona mahari ikiwa mahali, na kura ikiwa kula. Anayetamka dh kama z atasema mtu alimdhuru jirani yake, iandikwe alimzuru. Thamani ya nyumba itakuwa samani ya nyumba. Kikagua tahajia hakitapiga mstari mwekundu, maana yote ni maneno halali.

Hatari kubwa kuliko hizo ni h inayomezwa. "Hatalipa" na "atalipa" zimetengana kwa pumzi moja, na zote mbili zinakaa vizuri katika sentensi ileile. Kwenye barua ya salamu utacheka. Kwenye wosia au mkataba wa kiwanja, ahadi imegeuka. Kwa hiyo vitenzi vya kukanusha ukivifikia, nyamaza, uandike kwa mkono herufi zile nane au kumi. Ukiwa umekwisha kutamka, pita tena ukurasa mzima ukitafuta vitenzi tu, na uulize kila kimoja: nilikubali au nilikana? Majina ya watu, namba za viwanja na kiasi cha fedha navyo ni bora viandikwe kwa vidole.

Pia tazama ulipokaa. Feni inayopuliza kuelekea maiki huharibu zaidi ya kelele za bodaboda barabarani, kwa sababu upepo unagonga maiki yenyewe. Igeuze. Maiki ya hedifoni ikae vidole vitatu hivi kutoka pembe ya mdomo, si mbele yake, ili pumzi ya p na b isiipige. Mvua ikianza kugonga mabati, pumzika tu.

Kuandika kwa kutamka kunakula bando kiasi gani?
*Msomaji, Sinza*

Si kama video. Sauti ghafi ya kiwango kinachotumika kwa usemi ni karibu MB 2 kwa dakika, na kwa kawaida hubanwa kabla ya kutumwa. Hivyo saa nzima haifiki MB 120 za sauti. Kinachosumbua ni mtandao unaokatika: maneno yaliyosemwa wakati huo hayahifadhiwi popote, yamepotea.

Nafanya kazi kwenye zahanati. Naweza kutamka taarifa za wagonjwa?
*Msomaji, Tegeta*

Dada, usianze kabla ya kuongea na mkuu wako. Sauti inakwenda kwenye seva za Google, nje ya nchi, na hati yenyewe inakaa huko. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa taarifa za afya na pia usafirishaji wa taarifa nje ya nchi. Kuna programu inayofanya kazi bila intaneti, Whisper ya OpenAI, iliyotolewa 2022. Inajua Kiswahili, ila hukosea zaidi kuliko kwa Kiingereza, na kompyuta dhaifu itaikokota.

Nimerekodi kikao cha saa mbili kwa simu. Nikiiweka simu karibu na maiki, si itaandika yenyewe?
*Katibu wa kikundi, Ilala*

Itaandika vipandevipande. Sauti imeshapita kwenye spika ndogo, ikagonga ukuta, ikarudi, na wajumbe watatu wanasema kwa mpigo. Vaa hedifoni usikilize rekodi kwa vipande vya sekunde kumi, simamisha, kisha urudie kwa kinywa chako mwenyewe mbele ya maiki. Ndivyo wanavyofanya baadhi ya waandaaji wa maandishi ya chini ya picha kwenye televisheni za nje. Jina la msemaji liandike kwa mkono kabla ya kila kipande, kwa sababu mashine haijui nani ni nani.