Maswali ya Wasomaji: Mwenye Duka Aachiwe Mipangilio Ipi?

SWALI: Mhariri, nimetengeneza mfumo wa mauzo wa mtandaoni kwa Laravel (kiunzi cha programu za lugha ya PHP), na wateja wangu ni wenye maduka ya jumla. Kila wanapotaka kubadilisha kiwango cha VAT (kodi ya ongezeko la thamani), nambari ya simu inayochapwa kwenye risiti au nambari ya Paybill (ya kupokelea malipo ya M-Pesa), hunipigia simu, nami huingia kwenye seva na kuhariri .env, faili lenye mipangilio ya mfumo. Wakati mwingine mabadiliko hayaonekani kabisa. Je, niwatengenezee ukurasa wa mipangilio ili wabadilishe kila kitu wenyewe?
Msanidi programu, Kisumu

JIBU: Ukurasa huo utengeneze, ila usiweke kila kitu humo. Kuhusu mabadiliko yasiyoonekana, yaelekea uliwahi kutekeleza amri ya config:cache, ambayo hukusanya mipangilio yote katika faili moja ili mfumo uwe mwepesi. Baada ya hapo .env haisomwi tena mpaka uirudie amri hiyo au ufute faili hilo la akiba kwa config:clear, na popote ulipoita env(), yaani amri ya kusoma .env, nje ya folda ya config utapata jibu tupu. Programu zinazofanya kazi za foleni nyuma ya pazia nazo, kwa mfano zile zinazotuma risiti kwa barua pepe, hubaki na thamani za zamani hadi ziwashwe upya.

Katika kugawa mipangilio, mimi huuliza ni nani mwenye kauli ya mwisho juu ya thamani inayohusika. Nambari ya simu ya duka ni ya mwenye duka, kwa hiyo iende kwenye hifadhidata na aibadilishe apendavyo. Nywila ya hifadhidata na funguo za siri ni zako wewe unayeiendesha seva, nazo zibaki katika .env. Paybill ndiyo yenye utata, kwa sababu nambari ni ya mwenye duka, lakini keshia mwenye nia mbaya akiibadilisha, fedha za siku nzima zitaingia mfuko mwingine. Isitoshe, neno la siri linalotumika kuomba malipo ya M-Pesa limefungamanishwa na nambari hiyo, hivyo nambari ikibadilishwa peke yake, ombi linalopaswa kutokea kwenye simu ya mnunuzi litakataliwa. Ningeionyesha kwenye ukurasa bila kuruhusu ihaririwe.

Kiwango cha kodi kinahitaji uangalifu kuliko yote. Kenya ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14 tarehe 1 Aprili 2020, kisha ikairudisha 16 tarehe 1 Januari 2021. Mfumo wenye kisanduku kimoja tu cha kodi ungechapa upya risiti ya Desemba kwa kiwango cha Januari, na hesabu za mwenye duka zisingelingana tena na alichokwisha kuwasilisha kwa mamlaka ya kodi. Tengeneza jedwali la viwango ambamo kila kiwango kina tarehe yake ya kuanza kutumika, na kila mauzo yahifadhi kiwango kilichotumika siku hiyo. Kwa njia hiyo kiwango kipya kinaweza kuingizwa wiki kadhaa mapema, na hakuna atakayelazimika kukesha akisubiri saa sita ya usiku.

Chunguza pia kinachoandikwa. Mmoja ataandika 16, mwingine 0.16, na wa tatu 0,16 kwa mkato, ambayo PHP ikiigeuza kuwa nambari huisoma kama sifuri, kodi ikatoweka bila onyo lolote. Kabla ya kuhifadhi, mwonyeshe mfano: bidhaa ya shilingi 1,000, kodi 160, jumla 1,160, kosa la kiwango ataliona hapo hapo. Hifadhi pia aina ya kila thamani, kwani neno "false" likihifadhiwa kama maandishi, PHP hulihesabu kuwa ndiyo.

Mwisho, andika katika jedwali la pekee nani alibadilisha nini, kutoka thamani ipi hadi ipi, na lini. Jedwali hilo ndilo litakalokuokoa siku mwenye duka atakapoapa kwamba hakuna aliyegusa kitu.

SWALI: Nilibadilisha anwani ya tovuti yangu katika mipangilio ya WordPress, nikakosea herufi moja, na sasa siwezi hata kuingia ili niirekebishe. Nifanyeje?
Msomaji, Arusha

JIBU: Fungua faili la wp-config.php kwenye seva, na kabla ya mstari unaoita wp-settings.php uongeze mistari miwili ya define, mmoja wa WP_HOME na mwingine wa WP_SITEURL, kila mmoja ukiwa na anwani sahihi. Thamani za faili hilo hushinda zile zilizomo katika jedwali la wp_options la hifadhidata, hivyo utaweza kuingia tena. Utakuta visanduku viwili vya anwani katika ukurasa wa mipangilio vimefifia na havihaririki. Ningeviacha hivyo hivyo.