Kasema nini hapo?

Wete, Pemba

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nje penye jamvi la karafuu ili mama yako asinione uso. Umeniuliza jambo moja: yule aliyeandika kwamba katika albamu yako ya taarabu sauti imezibwa na ala hata maneno hayasikiki, kasema kweli au kakuonea? Na umesema unataka jibu la mpiga fidla, si la baba.

Kasema kweli. Na mimi nililijua kabla yake.

Ulinitumia nyimbo zote 8 wiki tatu kabla hujazitoa. Usiku ule tulikuwa ukumbini tunachambua karafuu, mimi, mama yako, shangazi yako na watoto wa jirani. Kaka yako akaitia simu ndani ya bakuli la bati ili sauti ikue. Wimbo wa kwanza mama yako alikuwa akitabasamu peke yake. Ulipofika wa nne nikamwona kasimamisha mikono, kishada kimoja bado ki vidoleni, kainamisha kichwa upande wa bakuli. "Kasema nini hapo?" Shangazi yako akasema ni "bahari". Mtoto wa jirani akasema ni "habari". Tukarudisha nyuma mara tatu. Gitaa tulilisikia vizuri sana.

Asubuhi ulipopiga simu nikakwambia mashallah, imetoka. Basi. Nilizifikiria fedha ulizolipa studio, na zile jioni ulizosomesha watoto wa watu ili uzipate, ulimi ukawa mzito. Wiki tatu zilitosha kurudi kwa fundi na kulishusha lile gitaa. Kwa hivyo ukitafuta wa kumnunia, usianzie kwa yule bwana.

Najua huko mjini wanakupoza kwa habari za Siti binti Saad. Mimi mwenyewe nilitaka kukuandikia hayo hayo: kwamba mwanamke wa Fumba, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti kwenye santuri, naye alisimangwa, akaambiwa katoka shamba na kaniki zake, naye akawajibu kwa wimbo. Lakini nimelifikiri, halikufai. Siti alisimangwa asili yake na sura yake. Sauti yake hawakuigusa, hawakuwa na la kusema. Wewe hukutukanwa na mtu. Huyu kakaa akasikiliza nyimbo zote, kataja wimbo wa nne, kataja hata ubeti. Mama yako alisimamisha mikono pale pale.

Sisi tunaita uchambuzi kutenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, nyinyi mnaita uchambuzi kazi ya huyo. Mkono wake ni mzuri, ila kuna mahali katupa karafuu pamoja na makonyo. (Na makonyo yenyewe hatuyatupi, yanakwenda kiwandani Wawi kutolewa mafuta.) Kusema kazi yako si taarabu kwa sababu umetia gitaa na ngoma ya kompyuta, hapo kateleza. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ilikuja kutoka Misri enzi za Sultani Seyyid Barghash. Fidla yangu haikuchongwa Wete. Akodiani je? Kila kimoja kilipoingia palikuwa na mzee aliyeshika kichwa. Mimi gitaa halinichukizi hata kidogo, linanichukiza likiwa mbele yako.

Maana taarabu, unajua mwenyewe, mtu anaondoka kitini na noti yake mkononi kwa sababu ya mstari mmoja. Ule mstari unamhusu yeye, au unamhusu mke mwenza aliyekaa safu ya pili. Asipouelewa, atamtunza nani? Ndiyo maana ala zote zinapiga kwa nguvu kabla ya ubeti, kisha mwimbaji akifungua mdomo zinanywea, fidla inajibu mwisho wa mstari tu. Hili mimi sikuzaliwa nalo. Nilipokuwa kijana, mkubwa wa kikundi chetu alinisimamisha mazoezini mbele ya wote: "Wewe, unamziba bibi." Nilisusa wiki mbili. Niliporudi hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi, wakanipa kiti kile kile.

Unakumbuka harusi ya Mtambwe? Uliimba na udi mmoja, ndani na wanawake. Mimi nilikuwa nje na wanaume nyuma ya ukuta, nikasikia kila neno, na nikasikia vigelegele vilipopanda baada ya ubeti wa tatu. Hiyo ndiyo sauti niliyokuwa nikiitafuta ndani ya bakuli la bati.

Yule mwengine aliyekuita mrithi wa Bi Kidude, mshukuru na umpite. Bi Kidude alipiga ngoma ya msondo, alifunda wari wa unyago, na tuzo ya WOMEX, ya muziki wa dunia, alipewa mwaka 2005 akiwa bibi kizee. Wewe unyago hujui hata mlango wake. Aliyeandika vile nadhani hakufika wimbo wa nne.

Usimjibu mtu. Wala usiiondoe albamu sokoni kama ulivyotishia, nyimbo ya pili na ya saba ni nzuri kabisa na nakwambia hivyo nikiwa mpiga fidla. Kwa fundi wako sauti yako ipo peke yake, haijachanganywa na kitu. Iombe. Nikimaliza kuanika nitapanda boti, nije na fidla yangu, tuujaribu ule wa nne, wewe na udi, mimi nyuma. Ukiona nakuziba niambie hapo hapo, usinistahi kama nilivyokustahi wewe.

Mama yako anakusalimu. Bado anataka kujua ulisema nini pale. Mwandikie ubeti wote, kwa herufi kubwa, maana miwani yake imekatika mkono mmoja na anaishikilia.

Baba yako