Historia ya shule ndogo ya wasichana: itafute kwa waliosoma, si ofisini

Ukikabidhiwa kazi ya kuandika historia ya shule ndogo ya binafsi ya wasichana, usianze kwa kuulizia makabati ya ofisi. Nyingi za shule za zamani hazikuwa na ofisi. Shule ilikuwa nyumba ya mwalimu, na alipofariki, daftari zake ziligawanywa pamoja na vyombo vyake. Kilichosalia kiko kwa waliosoma: barua, shajara na kazi za mikono zilizohifadhiwa na vitukuu, pengine mbali sana na shule yenyewe.

Kwanza tenganisha tarehe nne zinazochanganywa kila mara: darasa lilipoanza, tangazo la kwanza gazetini, jengo la kwanza, na usajili wa shule kisheria. Tazama shule ya Sarah Pierce katika mji wa Litchfield, Connecticut, Marekani. Alianza kufundisha mwaka 1792 katika chumba cha kulia chakula nyumbani kwake. Mwaka 1798 wenyeji wakachanga fedha za jengo. Jina la Litchfield Female Academy lilikuja na usajili wa 1827, na mwaka 1833 shule ikafungwa. Ukilitafuta jina hilo katika gazeti la 1805 utatoka mikono mitupu. Tafuta kwa jina la mwalimu, la mtaa, hata la mwenye nyumba walikopanga wasichana.

Magazeti yasome hasa ya wiki chache kabla ya muhula kufunguliwa, maana ndipo walimu walipotangaza karo, masomo na malazi. Sensa nayo ina mtego wake. Zile za Marekani za 1790 hadi 1840 zinataja jina la mkuu wa kaya tu. Wengine ni hesabu tu, mara nyingi kwa umri na jinsia. Kaya yenye wasichana wengi kupita kawaida huenda ilikuwa na wanafunzi wa bweni, lakini majina yao hutayapata humo. Majina ya watu wote huru yanaanza 1850.

Kazi kubwa ni jedwali la wanafunzi. Weka jina la kuzaliwa, jina la ndoa, mwaka wa kuzaliwa, mji wa wazazi, muhula alioonekana, na chanzo cha kila taarifa. Usiruke safu ya jina la ndoa, kwani barua za msichana mara nyingi zimehifadhiwa kwenye mafaili ya ukoo wa mumewe. Wala usijumlishe orodha za mihula ukadhani umepata idadi ya wanafunzi. Aliyekaa mihula mitatu utamhesabu mara tatu, na hivyo ndivyo shule nyingi zinavyojikuta na idadi iliyovimba.

Shajara ni hazina, ila uliza nani alizisoma zikiwa mbichi. Kwa Bi. Pierce kuandika shajara kulikuwa sehemu ya masomo, kwa hiyo msichana alijua mwalimu ataiona. Sifa za mahubiri na toba za uvivu humo zipime kwa barua alizomwandikia dada yake. Msikilize jirani pia: Litchfield palikuwa na shule ya sheria ya Tapping Reeve, na vijana wake waliandika juu ya wasichana hao mambo ambayo mwalimu asingeyaweka kwenye ripoti.

Ukionyeshwa kitambaa kilichotariziwa shuleni, usikifue wala kukipiga pasi. Rangi za kale huweza kuchuja maji yakigusa tu. Kiweke bapa, mbali na jua, ukipige picha bila mwanga wa kamera. Kama hakijabandikwa kwenye fremu, mwombe mwenyewe akigeuze. Upande wa nyuma haukupigwa na mwanga, hivyo buluu iliyogeuka kijivu mbele huenda bado ni buluu huko. Utaona pia mafundo na nyuzi zilizorukishwa, na mahali mishono inapobadilika ghafla kuwa midogo na sawasawa, pengine mkono wa mwalimu ukimalizia uso au herufi. Picha za pande zote mbili ziingie kwenye jedwali, mbele ya jina la mwenye kazi.